Jumba limeanguka, kadi imebaki

Mtu akishika njia kuu itokayo Webuye kwenda Kitale hupita soko la Misikhu, katika wilaya ya zamani ya Bungoma ambayo siku hizi ni kaunti. Hapo hapana jumba refu. Kuna maduka ya mabati, mashamba ya mahindi na miwa, na kwa mbali mlima wa Elgon. Kwa muda wa miaka mingi, kitu kirefu kilichosimamishwa na binadamu katika sehemu zile kilikuwa ni dohani za kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills pale Webuye, kiwanda kilichoanza kazi katika miaka ya 1970 na kuzimika mwaka wa 2009, kisha kikafufuliwa baadaye kwa jina jingine.

Hata hivyo, mnara wa KICC wa Nairobi ulijulikana huko na watu wasiopata kukanyaga Nairobi. Waliujua kwa kalenda za ukutani, kwa vitabu vya shule, na hasa kwa zile kadi za posta zenye picha ya rangi ambazo kijana aliyekwenda mjini kutafuta kazi aliwapelekea wazee wake ili wajue kwamba amefika salama. Kadi ilisomwa, ikapita mikononi mwa majirani, kisha ikabandikwa ukutani. Mnara ule uliokuwa mbali kwa siku nzima ya safari ukawa umo sebuleni.

Sisi wa pwani tusiwaone wenzetu wa Misikhu kuwa ni washamba kwa jambo hilo, maana nasi tulikuwa vivyo hivyo. Mtoto wa Siyu au wa Vanga aliiona Nairobi kwanza katika kadi. Na tofauti na wao, sisi tulikuwa na jumba letu refu lililopigwa picha kabla mji wa Nairobi haujakuwako, nalo likatiwa katika kadi. Jumba hilo ni Beit al-Ajaib la Unguja. Siku ya tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele yake, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafariki dunia. Mtu aliyetaka kuuona mnara ule siku ya pili yake ilimbidi atazame picha. Karatasi yenye ukubwa wa kiganja ilikuwa imeishi kuliko jengo la mawe na chuma.

Ndiyo sababu leo tunazungumza habari za kadi hizi. Wengi wetu tumezidharau tukidhani ni vitu vya watalii. Kumbe ni ushahidi, na ushahidi wenyewe unatutoka mikononi.

KADI ILIVYOANZA

Kadi ya kwanza ya posta ilitolewa na serikali ya Austria na Hungary tarehe 1 Oktoba 1869. Haikuwa na picha yoyote. Ilikuwa ni kipande cha karatasi ngumu, upande mmoja wa anwani na upande wa pili wa maneno, na faida yake ilikuwa ni kwamba gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya barua iliyotiwa ndani ya bahasha. Picha ziliingia baadaye, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wamepagawa na kadi, wakizituma na kuzikusanya kama watoto wanavyokusanya gololi.

Liko jambo moja linalowashangaza wanaoziona kadi za zamani kwa mara ya kwanza. Wanakuta maandishi ya wino yamepita juu ya picha, yakaandikwa mbinguni, baharini na hata juu ya mapaa ya nyumba. Wanadhani mwandishi hakuwa na adabu. La, hakuwa na nafasi. Wakati ule sheria za posta ziliutenga upande wa nyuma kwa anwani peke yake. Uingereza ndiyo iliyotangulia, mwaka wa 1902, kuruhusu upande huo ugawanywe sehemu mbili, moja ya anwani na moja ya salamu, na nchi nyingine zikafuata. Kwa hiyo, ukikuta kadi ambayo upande wake wa nyuma haukugawanywa, jua umeshika kitu cha zamani sana.

Marekani ndiko kadi na majumba marefu vilikokua pamoja kama ndugu wawili. Mwaka wa 1885 mji wa Chicago ulimaliza jumba la Home Insurance, la ghorofa 10, ambalo watu wengi hulihesabu kuwa ndilo la kwanza katika yale majumba marefu yaliyosimamishwa kwa mifupa ya chuma. New York nayo ikajibu. Flatiron ikamalizwa mwaka wa 1902, Woolworth mwaka wa 1913, na Empire State, yenye ghorofa 102, mwaka wa 1931. Kila jumba lilipomalizwa lilitiwa katika kadi, na kadi zikalitangaza jumba katika kila pembe ya dunia. Palepale Chicago kampuni ya Curt Teich, iliyoanzishwa mwaka wa 1898, ikawa miongoni mwa wachapaji wakubwa wa kadi duniani. Mkulima wa jimbo la mbali aliyekuwa hajapata kupanda lifti aliweza kulining'iniza jumba la ghorofa 50 juu ya meza yake ya chakula, kama walivyofanya baadaye wazee wa Misikhu.

PWANI ILITANGULIA

Sasa tutazame kwetu. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu mwaka wa 1870 hadi 1888, alilijenga Beit al-Ajaib mwaka wa 1883. Yaani Chicago ilipomaliza jumba lake la Home Insurance, jumba la Barghash lilikuwa limekwisha timiza miaka miwili. Hatusemi kwamba yalilingana kwa urefu, kwani la Unguja lilikuwa na orofa chache. Lakini kwa mizani ya pwani hii lilikuwa ni ajabu kweli, na ndivyo jina lake lisemavyo.

Msomaji anayezijua nyumba za mawe za Lamu au za Mji Mkongwe atafahamu ajabu yenyewe ilikuwa wapi. Nyumba zetu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, haivutwi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba zile ni virefu lakini vyembamba. Barghash alilizungushia jumba lake baraza pana, orofa juu ya orofa, zikabebwa na nguzo za chuma. Ndani mlikuwa na milango mikubwa iliyochongwa. Baadaye likatiwa umeme na lifti, na husemwa kwamba lifti hiyo ndiyo ya kwanza katika Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi jahazi likiingia bandarini kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa ni jumba hilo.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 walikuwako Unguja wapiga picha wenye asili ya Goa waliokuwa na maduka yao mjini. A. C. Gomes, Pereira de Lord na ndugu wa Coutinho ni majina yanayoonekana mara kwa mara chini ya picha za wakati huo. Hao waliuza kadi kwa mabaharia, maofisa na wasafiri waliokuwa wakipita na meli za kwenda Bombay, Aden na Ulaya. Na katika kadi zote za Unguja, Beit al-Ajaib ndilo lililopendwa kuliko yote.

Hapa ndipo thamani ya picha hizi inapoonekana. Mtu akitazama picha ya jumba iliyopigwa kabla ya mwaka wa 1896, ataona mnara mrefu umesimama peke yake mbele ya jumba, karibu na maji. Akitazama kadi ya miaka ya baadaye, ataona mnara umekuwa sehemu ya jumba lenyewe, katikati ya uso wake. Kulitokea nini? Tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Seyyid Khalid bin Barghash kushika kiti cha enzi bila ya ridhaa ya Waingereza, manowari zao ziliushambulia mji kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Jumba la Beit al-Hukm likabomolewa, na mnara ule wa mbele ukaharibiwa. Beit al-Ajaib likasalimika, nalo lilipotengenezwa upya ndipo likapewa mnara wa saa mbele yake.

Vita vile vimeandikwa katika vitabu, lakini picha hizo mbili zikiwekwa pamoja juu ya meza, hata mtoto wa chuo asiyejua historia huuliza mwenyewe: mnara wa kwanza umekwenda wapi? Na hapo ndipo somo linapoanza.

NAIROBI YAPANDA JUU

Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka wa 1899. Katika kadi zake za zamani hakuna minara ila ya ibada. Msikiti wa Jamia, uliokamilika mwaka wa 1933, wenye minara miwili na makuba matatu, ulikuwa ni miongoni mwa majengo yaliyopambwa katika kadi za mji ule, na mpaka leo uko palepale katikati ya jiji, ingawa sasa umezungukwa na majumba yaliyoupita kwa kimo.

Baada ya uhuru mambo yakabadilika upesi. Hoteli ya Hilton, mnara wake wa duara, ilifunguliwa mwaka wa 1969. Kisha ikaja KICC. Mwanzo wake lilikusudiwa liwe makao makuu ya chama cha KANU. Wachora ramani walikuwa Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe, na David Mutiso, Mkenya. Kenya ilipokubaliwa kuwa mwenyeji wa mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, ramani ikapanuliwa, na jumba likafunguliwa mwezi Septemba 1973: ghorofa 28, urefu wa mita 105, na huko juu mkahawa uzungukao polepole ili mlaji auone mji wote bila ya kuinuka kitini. Pembeni yake pakawekwa ukumbi wenye paa la mchongoko. Jumba hilo halikupitwa kwa urefu nchini Kenya mpaka lilipojengwa Times Tower, miaka zaidi ya 25 baadaye.

Wapiga picha hawakukawia. Kuna mahali pamoja palipopendwa na wote, nako ni bustani ya Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka wa 1969. Ukisimama pale juu, unapata majani na maua chini, maji katikati, na majumba yote yamejipanga nyuma yake kama maharusi wanaosubiri kupigwa picha. Kadi za Sapra Studio ya Nairobi za miaka ya 1970 na 1980 zilienea kila duka la vitabu na kila hoteli. Katika ufundi huo kulikuwa na mbinu zilizokwisha julikana duniani. John Hinde, Mwingereza aliyeweka kampuni yake Dublin, Ireland, alipata sifa kwa kadi za rangi kali, kwani mbingu zake zilitiwa buluu zaidi ya mbingu, na kitu kisichopendeza kiliweza kuondolewa katika picha au kufichwa nyuma ya kichaka cha maua. Basi kadi ni picha ya kweli, lakini ni kweli iliyooga na kuvaa kanzu ya Ijumaa.

Ni vyema kukumbuka jambo lililosemwa ndani ya jumba lile katika mwezi uleule wa kufunguliwa kwake. Tarehe 24 Septemba 1973 Robert McNamara, rais wa Benki ya Dunia, alitoa hotuba ambayo mpaka leo hutajwa, na mazungumzo yake makubwa yalikuwa juu ya umaskini wa wakulima wadogo wa vijijini. Yaani mnara mrefu wa Kenya ulizinduliwa kwa kuzungumza habari za watu wa mahali kama Misikhu. Hotuba ilikwisha, wajumbe wakarudi makwao. Kilichofika Misikhu upesi kuliko mikopo ni kadi ya mnara.

NANI ALIPEWA NINI

Hapa tufikie jambo ambalo wasomaji wetu wa pwani hawana budi kulitazama kwa makini. Ukizipanga kadi za Kenya za miaka ile, utaona kwamba waliozitengeneza waligawa nchi. Nairobi ilipewa minara, barabara pana na magari. Mbuga zikapewa simba na ndovu. Na pwani tukapewa nini? Mombasa ilipewa pembe za ndovu za barabara ya Kilindini, ambayo siku hizi ni Moi Avenue, pembe zilizosimamishwa kwanza mwaka wa 1952 kwa ziara ya mfalme wa Uingereza, ambayo binti yake Elizabeth ndiye aliyekuja kwa niaba yake. Tukapewa Ngome ya Yesu, majahazi, minazi, na mwanamke wa buibui apitaye kichochoroni.

Si kwamba vitu hivyo si vyetu. Ni vyetu, na tunavipenda. Lakini ukiwekewa kadi mbili kwa pamoja, ile ya mnara wa Nairobi na ile ya kichochoro cha Lamu, maana yake inakuja yenyewe: huko ndiko mbele, na huku ndiko nyuma. Mgeni hakuambiwa kwamba umeme ulifika katika pwani hii wakati bara hakuna hata reli. Na yule mama wa buibui aliyepigwa picha akitoka zake sokoni, jina lake halikuulizwa. Aliuzwa kwa senti chache chini ya maneno ya jumla tu, naye alikuwa ni mke wa mtu na mama wa watu. Heshima yake haikuingia katika hesabu ya mpiga picha.

Na Misikhu? Misikhu haikupewa kitu. Kadi zilifuata njia za watalii, na njia ya Webuye kwenda Kitale haikuwa mojawapo. Hata hivyo sehemu zile si za watu wasio na habari. Karibu na Webuye kipo kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walijizungushia boma lao na kupigana na Waingereza mwaka wa 1895, mwaka mmoja kabla ya mizinga ya Unguja. Si mbali sana na hapo iko Mumias, mji wa Nabongo Mumia, ambako misafara ya watu wa pwani ilifika kabla ya reli, na ndiko Uislamu ulikopata shina lake katika upande ule wa magharibi. Kwa hiyo, ndugu yetu wa Misikhu na ndugu wa Mombasa wana habari zinazokutana. Wote wawili waliutazama mnara wa Nairobi kwa mbali, na wote wawili mambo yao makubwa hayakutiwa katika kadi iliyouzwa dukani.

GEUZA UPANDE WA PILI

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii inaifaa kadi ya posta kuliko kitu kingine chochote.

Chukua mfano wa Nyayo House, jumba la ghorofa 27 lililomalizwa mwaka wa 1983, pale kwenye kona ya Uhuru Highway na Kenyatta Avenue. Katika picha za Nairobi zilizopigwa kutoka bustanini linaonekana limesimama kwa utulivu, rangi yake kama ya udongo, na mtu husema, mashallah, mji umeendelea. Picha haikuonyesha vyumba vya chini, ambamo watu walifungwa na kuteswa katika miaka ya 1980 kwa sababu za siasa. Vyumba hivyo vilifunguliwa watu wavione mwaka wa 2003. Kadi ilikuwa imetuonyesha mlango tu.

Lakini hata kadi yenyewe ina upande wa pili, nao aghalabu una habari nyingi kuliko picha. Tazama stempu. Kabla ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 1977 zilikuwako stempu zilizobeba majina ya Kenya, Uganda na Tanzania pamoja. Tazama majina ya barabara: Delamere Avenue ni ya kabla ya Kenyatta Avenue, na Government Road ni ya kabla ya Moi Avenue. Tazama anwani: kadi iliyopelekwa Broderick Falls ilipelekwa Webuye, kwani hilo ndilo jina lake la kikoloni. Kwa alama hizo mtu aweza kuijua kadi ni ya lini, hata kama muhuri umefutika.

Kisha soma maneno. Kadi haina bahasha, kila mtu wa posta aweza kuisoma. Kwa hivyo siri haikuandikwa, wala ugomvi wala deni. Kadi ilibeba salamu: nimefika, sijambo, wasalimie wote, fedha nitaleta mwisho wa mwezi inshallah. Na mara nyingine mwandishi alitia alama ya kalamu juu ya dirisha moja la jumba, akaandika kwamba hapo ndipo afanyiapo kazi, au hapo chini ndipo apitapo kila asubuhi. Alama hiyo ndogo ina maana kubwa. Kwa mtalii lile ni jumba tu. Kwa mama aliye kijijini, jumba lile lote lina dirisha moja, nalo ni la mwanawe.

MAJUMBA HAYADUMU

Katika dini yetu jambo la kushindana kwa majumba marefu si geni. Hadithi mashuhuri ya Jibrili, alayhi salaam, alipomjia Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kumuuliza habari za imani, imelitaja jambo hilo miongoni mwa alama za Kiyama. Si kwamba kujenga kumeharamishwa. Wanazuoni wametufahamisha kwamba kinachotahadharishwa ni kiburi, mtu kudhani kwamba kwa kuwa amepanda juu basi atabaki juu.

Na kadi za zamani zinautoa ushahidi huo vizuri kuliko mahubiri. Jumba la Home Insurance la Chicago lilibomolewa mwaka wa 1931, mwaka uleule Empire State ilipofunguliwa. Makka yenyewe, picha za zamani zinaonyesha ngome ya Ajyad ya Waturuki juu ya kilima, ikiutazama Msikiti Mtukufu. Ngome hiyo ilibomolewa mwaka wa 2002, na mahali hapo pakasimamishwa minara ya Abraj al-Bait, ambao mmoja wake, ule wa saa, una urefu wa mita 601. Hujaji wa leo hawezi kuiona ngome ile ila katika picha. Nairobi, jengo la Ufundi liliporomoka tarehe 7 Agosti 1998 katika mlipuko wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha mjini humo. Hoteli ya Hilton ya Nairobi ilifunga milango yake mwisho wa mwaka wa 2022, baada ya miaka 53. Na Beit al-Ajaib tumekwisha litaja.

KICC lingali limesimama, na limezidi kupata sifa. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikataza noti na sarafu kuwa na sura ya mtu yeyote, na noti mpya zilipotolewa mwaka wa 2019 zote zikawekwa picha ya jumba hilo. Mwenye duka wa Misikhu haihitaji tena kadi ya mwanawe ili auone mnara wa Nairobi, kwani auhesabu kila jioni anapofunga hesabu zake. Kadi yenyewe imekwisha soko lake. Simu ya mkono hupeleka picha mia kwa dakika moja, na picha hizo mia hupotea simu inapoanguka kisimani.

TUFANYE NINI

Jambo la kusikitisha ni hili. Picha za pwani yetu na za bara yetu zimehifadhiwa vizuri, lakini mbali. Chuo Kikuu cha Northwestern, kilichoko Evanston karibu na Chicago, kina mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, kuanzia miaka ya 1860 hadi 1960. Na kumbukumbu za kampuni ya Curt Teich ziko palepale Chicago, katika maktaba ya Newberry. Mji uliolibomoa jumba lake la kwanza refu umejua kuitunza karatasi yake, na ya kwetu pia. Hatuwezi kuwalaumu kwa kutunza. Lawama ni yetu sisi tuliowashia jiko kadi za baba zetu.

Bado hatujachelewa. Katika nyumba nyingi za Mombasa, Lamu, Malindi na Unguja kuna kasha au mkoba wa marehemu babu ambao haujafunguliwa tangu siku ya matanga. Ndani yake, pamoja na hati za shamba na risiti za kodi, huenda mna kadi. Jambo la kwanza ni kutozitupa. Jambo la pili ni kutozibandua kwa nguvu mahali zilipogandishwa, wala kung'oa stempu, kwani kufanya hivyo ni kuharibu nusu ya habari. Ziwekwe mahali pakavu, mbali na jua, mbali na unyevu wa bahari na mchwa. Kisha aulizwe mzee aliye hai: aliyeandika ni nani, na aliyeandikiwa ni nani? Majibu yaandikwe kwenye karatasi ya kando, si juu ya kadi.

Mwenye moyo wa kutaka wengine wanufaike anaweza kupeleka kadi zake, au walau nakala, mahali pa amana. Mombasa kuna Ngome ya Yesu na taasisi ya RISSEA ya utafiti wa mambo ya Waswahili. Lamu kuna makumbusho yake. Unguja kuna Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Nairobi kuna Nyaraka za Taifa katika jumba la zamani la Bank of India, linaloikabili ile Hilton iliyofungwa.

Na ndugu wa Misikhu naye asiseme kwamba hana pa kupeleka. Kitale kuna makumbusho yaliyotokana na mkusanyo wa mtu mmoja, Hugh Stoneham, aliyeanza kuwaonyesha watu vitu vyake mwaka wa 1926. Mkusanyo huo ndio ulioleta makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa mwaka wa 1974 katika mji ule. Ikiwa vipepeo na vitabu vya mtu mmoja viliweza kuwa makumbusho, kadi za ukutani za wazee wa Bungoma nazo zina haki ya kuwa na kabati yake.

Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Majumba ya babu zetu yalikuwa ni mali, na kadi zile ndizo kurasa za daftari zilizosalia. Anayejua kwamba anazo nyumbani kwake, na azitoe leo azipanguse vumbi, ageuze upande wa pili asome, kabla wazee wanaozijua habari zake hawajatutoka.